Kopo la Kimya

Katika nyumba ile, mchana ndio uliokuwa usiku. Baba alikuwa mwoka mikate. Alitoka saa tatu usiku, watu wengine wakijiandaa kulala, akarudi saa moja asubuhi na unga kwenye nyusi utadhani kazeeka njiani. Alioga, akanywa chai, akafunga mlango wa chumba chake na kushusha pazia zito. Tangu hapo mpaka saa tisa alasiri, watu wote humo ndani walitembea pekupeku. Masufuria yalioshwa moja moja yasije yakagongana. Siku moja Mama alimtoa nje mgeni aliyepaliwa na chai, akamwambia akakohoe uani hadi atosheke, kisha arudi waendelee na mazungumzo. Mgeni hakukasirika. Mtaa mzima uliijua sheria ya nyumba ile: Baba akilala, amelala.

Binti wa nyumba hiyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na watu walimwita Pilipili. Jina lilitokana na ulimi wake, na hakuna aliyelipinga, hata yeye mwenyewe. Alikuwa mchangamfu, hodari wa hesabu, na mtu wa kushuku kila kitu. Ukimpa peremende, aliigeuzageuza kwanza aone kama haijalambwa. Ukimsifu, alikutazama mara mbili ajue unataka kumwomba nini. Mama akimwonya, jibu lilikuwa moja siku zote.

"Wasiwasi ndiyo akili, Mama."

Muhula huo Pilipili alikuwa na jambo kubwa la kujivunia. Bekari aliyofanyia kazi Baba ilikuwa ya mama mmoja aliyeitwa Bi Mizani, kwa sababu hakuuachia mkate utoke dukani kabla hajaupima. Bi Mizani alitaka bango jipya juu ya mlango, na kwenye bango alitaka sura ya mtoto anayeuma mkate. Hakutaka mtoto wa kubuni. Alitaka mtoto wa kweli, aliyekua kwa mkate wa pale.

"Binti yako ana uso wa afya," alimwambia Baba. "Mchoraji akipata nafasi, nitakwambia umlete."

Basi! Pilipili alitangaza habari hiyo kuliko redio. Darasani, kisimani, sokoni, hakubaki mtu asiyejua kwamba uso wake ungewekwa juu ya mlango wa bekari, mkubwa kama meza, kwa rangi isiyotoka kwa mvua. Waliochoka kusikia walianza kumkimbia.

Ndipo akaja binamu.

Alikuwa binti wa shangazi, dada yake Baba. Shangazi alikuwa muuguzi, naye alikuwa amekwenda masomoni kwa miezi minne, kwa hiyo mwanawe akaletwa kwa mjomba wake. Walikuwa wa umri mmoja na Pilipili. Walipewa chumba kimoja chenye vitanda viwili na dirisha moja. Mgeni alikuwa mchache wa maneno, na kabla jua halijazama Pilipili alikwisha kumbandika jina: Kimya. Jina likaganda.

Ukimya haukumsumbua Pilipili. Kilichomsumbua ni uso. Kimya alikuwa na ngozi laini, na macho meupe yaliyong'aa tangu asubuhi, wakati watu wengine bado wanapapasa ndara zao chini ya kitanda. Mama alikuwa na meza ya mboga mbele ya nyumba, na wateja wake hawakuacha kuuliza.

"Mtoto huyu anapaka nini?" aliuliza mmoja, huku akichagua nyanya.

"Sipaki kitu, mama. Maji na sabuni tu," Kimya alijibu kwa sauti ya chini.

Pilipili alikuwa nyuma ya gunia la vitunguu. Alijisemea moyoni kwamba anayesema hapaki kitu ndiye anayepaka. Na kama hilo halikutosha, jioni moja Bi Mizani mwenyewe alipita, akasimama, akamtazama Kimya kama anavyoutazama mkate ulioiva vizuri.

"Na uso huu je, wa nani?" aliuliza.

Alicheka, akanunua mchicha, akaenda zake. Lakini Pilipili hakucheka. Siku hiyo aliona bango likimponyoka mkononi.

Usiku huohuo aliliona kopo. Lilikuwa kopo dogo la bati, la duara, lenye mfuniko. Kimya alilitoa chini ya mto wake baada ya taa kuzimwa. Katika mwanga hafifu wa dirishani, Pilipili aliona mkono ukiingia koponi, ukapanda ubavuni mwa uso, upande huu, kisha upande ule. Kopo likarudishwa chini ya mto. Harufu ya mafuta ikapita hewani. Dakika tano baadaye Kimya alikuwa akipumua taratibu, amelala fofofo.

"Nimekukamata," Pilipili alinong'ona gizani.

Tangu siku hiyo akawa mlinzi asiye na mshahara. Kimya alilala saa mbili unusu kila siku, hakosi. Pilipili naye alijilaza, akajifunika shuka mpaka puani, akabakiza macho mawili nje. Alitaka kujua kama kuna dawa ya pili inayopakwa usiku wa manane. Labda kuna maneno yanayosemwa. Labda kuna kopo jingine. Kitanda cha Kimya kikilia, Pilipili alikurupuka. Panya akikwaruza darini, alikurupuka. Mara nyingi alisikia jogoo wa jirani akiwika naye hajafumba jicho.

Akichoka kutazama, alirusha vijembe. "Wengine wamekuja kutuibia riziki," alisema gizani. "Wengine wanajifanya malaika kumbe wana makopo." Kimya hakujibu hata siku moja, hakuguna wala hakujigeuza. Pilipili alizidi kuwaka. Aliona ni kiburi hicho, tena cha hali ya juu.

Kuhusu kukosa usingizi, hakuwa na hofu. Baba hakulala usiku miaka yote hiyo, na mbona alikuwa mzima na mwenye nguvu za kubeba gunia la unga begani? Kama Baba aliweza, yeye angeshindwaje?

Wiki tatu zilipita. Chini ya macho ya Pilipili palivimba, halafu pakawa peusi. Chunusi zilitoka kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni. Midomo ilimkauka. Alikuwa akigombana na kila mtu, hata na ndoo ya maji. Darasani, mwalimu wa hesabu alimwita ubaoni akamkuta kalalia daftari, na mate yamelowanisha jedwali la saba.

"Wewe ulikuwa mkono wangu wa kulia," mwalimu alisema, akimtazama kwa jicho la kuchunguza. "Unafanya nini usiku?"

"Nasoma, Mwalimu."

"Unasoma? Basi hicho unachosoma hakipo kwenye mtihani wangu. Nane kwa hamsini!"

Mama naye alikuwa na wasiwasi wake, maana mtoto huokota tabia nyumbani. Aliamini kwamba Pilipili alikuwa akiichukua simu yake usiku. Akaificha ndani ya debe la mchele, akasahau alikoificha, na siku iliyofuata alizunguka nyumba nzima akiutafuta mlio uliokuwa ukitoka jikoni. Simu ilipatikana, lakini macho ya Pilipili yalizidi kuwa mekundu.

"Mwanangu, unaumwa?" Mama aliuliza.

"Siumwi."

"Kuna mtu anakusumbua?"

Pilipili alitupa jicho upande wa Kimya, aliyekuwa akichambua mboga. "Muulize mwenye makopo," alijibu, akaondoka. Mama alibaki ameshika kisu, haelewi kopo gani wala mwenyewe nani.

Jumamosi ya wiki hiyo, mchoraji wa mabango alifika bekari na penseli zake. Baba alimpeleka Pilipili, aliyevaa gauni la sikukuu. Mchoraji alikuwa mzee mwembamba mwenye rangi kwenye kucha. Alimkalisha Pilipili kwenye kiti, akampa mkate aushike, akaanza kuchora moja kwa moja kwenye ubao mkubwa mweupe. Kila baada ya muda alisema, "Fungua macho, binti." Pilipili aliona kwamba macho ameyafungua kabisa.

Mchoraji alipomaliza, aligeuza ubao.

Pilipili aliona uso wa mtu mzima aliyechoka, mwenye vifuko chini ya macho, mashavu yameshuka, kope nzito, na vidoa kwenye paji la uso. Mtu huyo aliushika mkate kama anayetaka kuurudisha dukani.

"Huyu ni nani?" Pilipili aliuliza.

"Ni wewe. Mimi nachora ninachokiona."

"Umenionea! Kuna mtu amekutuma!"

Mchoraji alishangaa mpaka penseli ikamwanguka. Bi Mizani alikuja mbio kutoka kwenye mizani yake, akautazama ubao, akamtazama Pilipili, akautazama ubao tena.

"Hapana, hajaonewa," alisema polepole. "Ndivyo alivyo. Ila mwoka mikate, nikiuweka uso huu mlangoni, watu watasema mkate wangu ndio uliomfanya hivi." Alimgeukia Pilipili, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole. "Mwanangu, wiki mbili nakupa. Kama unaumwa, utibiwe. Mchoraji akirudi na hujapata nafuu, atamchora yule binamu yako. Biashara haina undugu."

Njia nzima Baba alijaribu kumsemesha, lakini Pilipili alitangulia mbele. Alikwisha kumpata mchawi wake. Kadiri uso wa Kimya ulivyong'aa, wake ulizidi kufifia. Sasa mtu angetaka ushahidi gani tena?

Alasiri hiyo Kimya alikuwa uani akifua. Pilipili aliingia chumbani, akafunga mlango, akainua mto. Kopo lilikuwa pale. Alifungua mfuniko. Ndani mlikuwa na vidonge vinne vya pamba, vilivyofinyangwa vizuri na kupakwa mafuta kidogo. Viwili vilikuwa vipya. Viwili vilikuwa vimetumika, vina rangi ya manjano.

"Dawa yenyewe ndiyo hii," alijisemea. Alishuku kwamba vile vya manjano ndivyo vyenye nguvu zaidi. Basi alivichukua hivyo, akajisugua paji la uso, akajisugua mashavu, akajisugua chini ya macho na puani. Havikunukia vizuri, lakini dawa kali hainukii vizuri. Kisha akalitia kopo lote mfukoni, akaenda kulificha nyuma ya tangi la maji.

Usiku huo Kimya alipapasa chini ya mto, akapapasa chini ya godoro, akashuka akapapasa sakafuni. Alijilaza chali, na vijembe vya Pilipili vikaanza kama kila siku. Kwa mara ya kwanza wote wawili walikuwa macho, kila mmoja akiusikiliza usingizi wa mwenzake ambao haukuja.

Jumapili mchana, Baba akiwa amelala, Kimya alimfuata Pilipili jikoni.

"Umeliona kopo langu?" alinong'ona.

"Kopo gani? Kumbe una kopo?" Pilipili alinong'ona pia, kwa sababu ya sheria ya nyumba.

"Unajua nina kopo. Jana usiku umeniita mwizi wa riziki. Umesema mengi. Kumbe huwa unasema kila siku?"

"Usijitie hujui! Wiki tatu nakwambia, unajifanya husikii!"

"Nilikuwa sisikii!" Kimya alisema, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza tangu aje. "Nitasikiaje na nimeziba masikio? Ile ni pamba ya masikio!"

Pilipili alisimama kama aliyemwagiwa maji. "Pamba ya nini?"

"Ya masikio! Nyumbani tumepakana na gereji, wanagonga mabati mpaka saa nne usiku. Mama alinifundisha kuziba masikio kidogo ili nilale. Na hapa..." Aliona haya kumalizia, lakini akamalizia. "Na hapa kuna wewe."

Mkono wa Pilipili ulipanda wenyewe mpaka shavuni. Alikumbuka vile vidonge vya manjano. Alikumbuka alivyojisugua puani. "Mama yangu!" alipiga ukelele, akaruka kuelekea ndoo ya maji. Kiwiko kikagonga kabati la vyombo. Masufuria saba na vifuniko vyake vikamwagika sakafuni, na kila kimoja kiliendelea kulia kwa zamu yake.

Kisha nyumba ikatulia. Mlango wa chumba cha Baba ukafunguka.

Ilikuwa saa sita mchana. Baba alisimama mlangoni, macho mekundu, akamtazama binti yake aliyekuwa akijipaka sabuni usoni huku akilia. Hakugomba. Aliuliza tu kilichotokea, na Kimya akaeleza, maana Pilipili alikuwa na povu mdomoni. Mama aliingia katikati ya habari, akasikia ile sehemu ya nta ya masikio, akageukia ukutani mabega yakimtikisika kwa kicheko. Baba alirudi kitandani, lakini usingizi ukiondoshwa hauitiki wito. Alijigeuza mpaka saa tatu usiku, akaenda kazini hivyo hivyo.

Jumatatu asubuhi Baba alirudi amekunja uso. Hakuoga. Aliweka mkate mmoja mezani, akawaita wasichana wote wawili. Walikuwa wamevaa sare, tayari kwenda shule.

"Utazameni."

Ulikuwa mkate wa ajabu. Ulikuwa mfupi, umepasuka juu, ngozi yake imekunjamana, na rangi yake kama ya mtu mgonjwa.

"Huu nimeukanda kwa mikono hii," Baba alisema. "Unga ni ule ule, hamira ni ile ile, tanuri ni lile lile. Ukishakandwa, unga lazima ulale ili uumuke. Mimi hukaa nikausubiri. Jana nilikaa, nikasinzia, nikashtuka nikidhani nimechelewa, nikauingiza wote tanurini kabla ya wakati. Mikate sitini. Unga haukulala kwa sababu mimi sikulala."

Pilipili aliugusa ule mkate uliopasuka.

"Bi Mizani ameuweka kwenye mizani. Unajua kasema nini? 'Uzito upo, sura haipo.' Mikate yote imekwenda kwa wafugaji wa kuku. Miaka kumi na moja nafanya kazi pale, leo ndiyo mara ya kwanza kuonywa."

Hapo Pilipili akaangua kilio. Hakulia kwa ajili ya bango. Alilia kwa kuona aibu machoni mwa baba yake, na kwa kujua nani aliyeiweka pale. "Nisamehe, Baba. Nilidhani... Wewe mbona hulali usiku na huna neno?"

"Ah!" Baba aliketi. Sasa ndipo alipoelewa. "Kumbe ndipo ulipopotelea. Mimi silali usiku, lakini nalala. Unadhani kwa nini mama yako anawatoa wageni uani? Unadhani watu wanatembea pekupeku kwa sababu mimi ni mfalme? Usingizi wangu naulinda kama ninavyolinda hamira. Nikiukosa siku moja, umeona. Wewe umeukosa wiki tatu."

Aliunyanyua ule mkate, akauweka karibu na uso wa binti yake, taratibu, bila dhihaka. "Shangazi yako aliwahi kunieleza jambo hili. Mtoto wa umri wenu asilale kwa muda unaopungua saa tisa. Ukilala, mwili haukai bure. Ndipo unapokua. Ndipo ngozi inapojitengeneza, na akili inapopanga uliyojifunza mchana. Ukiunyima usingizi, macho yanavimba, hasira zinapanda, hesabu zinakukimbia, na homa ndogo inakupata upesi. Mchoraji hakukuonea, mwanangu. Alichora mkate ulioingia tanurini bila kulala."

Pilipili alifuta machozi, akaenda nyuma ya tangi la maji, akarudi na kopo. Alilishika kwa mikono miwili mbele ya Kimya.

"Pamba nimeziharibu," alisema. "Nitakununulia nyingine. Na yale maneno ya usiku, naomba..."

"Mengi sikuyasikia," Kimya alisema. Alitabasamu kidogo. "Nusu ya msamaha umeshapata."

Tangu usiku huo, saa mbili unusu taa ya chumba chao ilizimwa. Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Pilipili alizoea kuvizia, na macho yake yalikataa kufumba bila kujua nani anafanya nini. Kimya alimfundisha mambo ya nyumbani kwao: kunawa uso na miguu kabla ya kulala, kuacha chai ya rangi jioni, kutoingia kitandani na ugomvi. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Lakini usiku wa tano alilala kabla ya Kimya, na asubuhi aliamka mwenyewe bila kuitwa, akashangaa kusikia ndege nje ya dirisha.

Baada ya siku kumi uvimbe chini ya macho ulikwisha. Chunusi zilikauka moja moja. Mwalimu wa hesabu alirudisha karatasi yenye arobaini na moja kwa hamsini, akaishika kidogo kabla ya kuiachia, akamtazama jirani yake wa kushoto, akamtazama wa kulia. Hakuona mtu wa kunakiliwa, kwa kuwa wote wawili walikuwa na kumi na tisa. Ndipo akaiachia.

Jumamosi ya ahadi ilipofika, mchoraji aliukodolea uso wa Pilipili macho. "Yule dada yako mkubwa hakuja leo?" aliuliza.

"Dada gani? Ni mimi!"

"Usinichezee, binti. Mimi nyuso nazijua." Ilibidi Baba aape ndipo mchoraji alipokubali kuchukua kifutio, kuifuta ile sura ya zamani na kuanza upya. Safari hii hakumwambia mtu afungue macho. Alipofika kidevuni alisita. Palikuwa na chunusi moja iliyogoma kuondoka.

"Niifute hii?" alimwuliza Bi Mizani.

Bi Mizani alisogea karibu, akafikiri. "Iache. Uso usio na doa hata moja, watu wataushuku."

Bango likatundikwa. Kimya, aliyekuwa ameshika ngazi, alipiga makofi kuliko wote. Na tangu hapo wateja wa mboga wakapata swali jipya.

"Na wewe sasa unapaka nini?" waliuliza.

"Nalala," Pilipili alijibu.

"Lo! Watoto wa siku hizi kwa siri! Kuna kopo, haliwezi kukosekana kopo."

"Kopo lipo, lakini ni pamba ya masikio!"

Hawakuamini. Mmoja aliondoka akinung'unika kwamba watu hawapendi kuona wenzao wanapendeza. Pilipili aliingia ndani amefura, akamkuta Baba anamaliza chai yake kabla ya kwenda kulala, akamweleza yote. "Watu gani hawa, Baba, wanashuku mpaka ukweli!"

Baba alicheka mpaka chai ikamwagika. "Uliniambia wasiwasi ndiyo akili. Ni kweli, mwanangu, lakini akili nayo huchoka. Ikikosa usingizi, hubaki wasiwasi mtupu. Lala kwanza, ndipo umshuku mtu. Asubuhi utakuta wengi wao hawana kosa."

Alinyanyuka, akashusha pazia zito, akafunga mlango. Pilipili akavua ndara zake, akatoka nje pekupeku.